Gari la eksirei, mhudumu wa kambini au zahanati ya jirani: njia ipi ya kuibua TB inafaa machimbo yenu?

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wenye leseni, wenye maduara (mashimo ya kuchimbia dhahabu), viongozi wa vikundi vya wachimbaji na wajumbe wa serikali za vijiji vya Misungwi, Sengerema na upande wa Geita, ambao wameshakubali kwamba kifua kikuu, au TB kama wengi wetu tunavyokiita, kimo katika kambi zao, lakini wamekwama kwenye swali la njia. Mmoja anataka gari la upimaji liitwe, mwingine anasema wafundishwe watu wa kambi wenyewe, na wa tatu anauliza kwa nini nguvu zisielekezwe kwenye zahanati ambayo tayari ipo. Kila mmoja ana hoja. Kwa miaka ambayo nimekuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii nimeona njia zote tatu zikifanikiwa na zote tatu zikishindwa, na mara nyingi kilichoamua ni kama njia iliyochaguliwa ililingana na aina ya machimbo.

Kwanza, kwa nini mchimbaji atafutwe badala ya kusubiriwa? Mchimbaji ana mzigo ambao mvuvi au mkulima wa hapa ziwani hana. Mwamba mweupe unaobeba dhahabu una madini ya silika kwa wingi, na unapochorongwa duarani au kusagwa karashani, yaani kwenye mashine ya kusaga mawe, hutoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu yasiyofutika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na mwenye nao hupata TB kwa urahisi mara kadhaa kuliko mwenye mapafu mazima. Akiwa pia anaishi na VVU, uchunguzi uliofanywa kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini ulionyesha kwamba hatari hizo mbili huzidishana. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kwamba watu wote wanaofanya kazi kwenye vumbi la silika, pamoja na waliowahi kuifanya wakaacha, wachunguzwe TB kwa utaratibu.

Vimelea vya TB husafiri hewani, kwa hiyo hupata nafasi duarani ambako hewa ni nzito, lakini hupata nafasi kubwa zaidi kwenye kota za maturubai ambamo watu wanane hulala mlango ukiwa umefungwa kwa kuhofia wezi, na kwenye vibanda vya kuonyeshea mpira. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka. Akianza dawa sahihi, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana, kwa kawaida ndani ya wiki kama mbili. Kwa maana hiyo kumpata mgonjwa mapema na kumweka kwenye dawa ndiyo kuwakinga wenzake, na njia zote tatu zinazolinganishwa hapa zinatafuta jambo hilo moja.

Njia zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni siku ya upimaji: gari lenye eksirei, au mashine ndogo ya kubebeka, huja machimboni na kumpiga picha ya kifua kila anayejitokeza, kisha wenye doa au dalili hutoa makohozi yapimwe. Ya pili ni mhudumu wa kambini, yaani mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mchimbaji aliyefundishwa, ambaye huzunguka kila wiki, huuliza maswali ya dalili, hukusanya makohozi na kuyapeleka maabara. Ya tatu ni makubaliano na zahanati au kituo cha afya cha jirani: mchimbaji huenda mwenyewe anapoona dalili, huku uongozi wa machimbo ukihakikisha kwamba anaruhusiwa, anapokelewa na hapotezi nafasi yake.

Vigezo vitano vinatosha kuzipima: nani anapatikana na nani anaachwa, muda unaopita kabla ya kidonge cha kwanza, gharama, siri ya mgonjwa na usalama wa kibarua chake, na mwisho, kinachotokea katika miezi sita inayofuata. Kigezo hicho cha mwisho ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote, na nitakaa nacho zaidi.

Nani anapatikana, nani anaachwa

Hapa siku ya upimaji ina nguvu ya pekee. Tafiti za kitaifa zilizofanywa katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye TB hawasemi dalili yoyote wanapoulizwa, na hao picha ya kifua pekee ndiyo inayoweza kuwatia shaka. Lakini picha ya kifua cha mchimbaji ina utata wake. Madoa ya silikosisi na makovu ya TB ya zamani huweza kufanana na ugonjwa mpya, hata kwa programu za kompyuta zinazosoma picha, kwa hiyo mtu asianzishiwe hofu wala dawa kwa picha tu endapo makohozi yanaweza kupimwa. Jambo jingine ni kwamba gari humpata aliyepo siku hiyo juu ya ardhi. Waliolala baada ya zamu ya usiku, walioko chini duarani, na akina mama wanaoponda mawe majumbani mwao kijijini hawaoni foleni hiyo mpaka imekwisha.

Mhudumu wa kambini hawezi kuona ndani ya kifua. Anategemea maswali manne: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kutoka jasho jingi usiku, na kupungua uzito. Asiye na dalili atampita. Hata hivyo yeye hupata habari ambazo mashine haizipati. Nakumbuka mama mmoja mwenye kibanda cha chakula pembeni ya karasha, aliyenivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yule kaka wa winchi anaacha ugali nusu sahani, wiki ya tatu sasa, na zamani alikuwa anaomba kuongezewa." Hakutaja kikohozi hata kidogo. Nilipomfuata, yule kaka alisema ni vumbi tu, na kwamba anakunywa maziwa ili lishuke. Mkanda wake ulikuwa na matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Makohozi yake yalikutwa na vimelea, na katika kota yake tulimpata mwingine. (Kuhusu maziwa, niseme wazi kwa kuwa imani hii ipo kila machimbo: maziwa hupita njia ya chakula na hayafiki mapafuni. Kinachopunguza vumbi ni maji yanayomwagwa wakati wa kuchoronga na kusaga.)

Zahanati humpata anayeumwa kiasi cha kuacha kazi, na kwa mchimbaji anayelipwa kwa mgawo wa mawe hiyo huwa ni kuchelewa sana. Faida yake ni kwamba haibagui: mwanamke, mtoto wa mchimbaji, mzee aliyeacha kuchimba miaka kumi iliyopita, wote wanaweza kuingia mlango huo huo siku yoyote.

Muda kabla ya kidonge cha kwanza

Gari likija na mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta vimelea vya TB kwenye makohozi, kipimo kimoja huchukua chini ya saa mbili, na kwa mgonjwa mmoja mmoja hakuna njia ya haraka kuliko hiyo. Wenye kupanga siku hiyo wakumbuke hesabu, hata hivyo. Mashine ya kawaida yenye nafasi nne hupima sampuli nne kwa wakati mmoja, kwa hiyo katika saa nane za kazi hupima sampuli kama 16. Mkikusanya makohozi ya watu 40, wengi watalala bila majibu, na katika machimbo ya watu wanaohamahama usiku mmoja ni muda mrefu.

Kwa mhudumu wa kambini, muda hutegemea bodaboda na maabara. Sampuli ikitolewa alfajiri, ikafungwa vizuri kwenye kopo lake, ikawekwa penye ubaridi mbali na jua na kufikishwa siku hiyo hiyo kwenye kituo chenye GeneXpert, majibu yanaweza kurudi kwa simu siku hiyo au kesho yake. Mvua ikiharibu barabara, au mhudumu akikosa nauli, wiki hupita. Afundishwe pia tofauti ya makohozi na mate, kwa sababu kopo lililojaa mate hurudisha jibu la uongo na kumtuliza mtu anayeendelea kuugua.

Zahanati hutofautiana. Kama ina darubini tu, ujue kwamba darubini huhitaji vimelea 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili kuviona, wakati GeneXpert huvitambua vikiwa vichache mno kuliko hapo na husema pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Swali la kwanza la kumuuliza mganga wa zahanati yenu, basi, ni sampuli zinakwenda wapi na kwa siku zipi za wiki.

Gharama

Vipimo na dawa za TB hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini, kwa hiyo gharama inayozungumzwa ni ya kila kinachozunguka kipimo. Siku ya upimaji hula mafuta ya gari na jenereta, posho za wataalamu na saa za kazi za kambi nzima. Huwa ni fedha nyingi kwa mara moja, na mara nyingi hutoka kwa halmashauri au mradi, maana yake ratiba si yenu. Mhudumu wa kambini hula kidogo kila wiki, nauli na vocha, na kidogo hicho ndicho husahaulika kwanza dhahabu inapopungua. Zahanati humgharimu mchimbaji mwenyewe: nauli na siku moja ya kazi, kila anapokwenda.

Siri na kibarua

Hakuna kambi niliyofika ambako hofu hii haikuwepo. Mchimbaji haogopi sana ugonjwa wenyewe, kwa sababu mengi ameshayaona. Anaogopa kwamba jina lake likijulikana atatolewa kwenye duara kabla ya mawe kugawanywa, na kibarua kitakuwa kimeota nyasi.

Siku ya upimaji ni ya hadharani. Anayeitwa mara ya pili kutoa makohozi anaonekana na wote walioko kwenye foleni, isipokuwa waandaaji wakipanga mlango wa kuingilia na wa kutokea na kuwaita watu kwa namba. Mhudumu wa kambini naye ni mtu anayejulikana: akionekana amekaa na mtu nyuma ya kota mara mbili, minong'ono huanza. Jawabu nililoliona likifaa ni mhudumu kukaa na kila mtu, wenye afya kwa wagonjwa, kila wiki, hata kukaa naye kusiwe na maana yoyote. Zahanati iliyo mbali na kambi ndiyo yenye siri kubwa zaidi, na wapo ambao hawatakubali njia nyingine.

Kwa wenye leseni walioajiri watu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi baada ya hapo. Isichukuliwe kuwa kibali cha kumfukuza mgonjwa. Ninaamini, kwa yote niliyoyaona, kwamba neno la mwenye duara linalosemwa mbele ya watu wake wote, kwamba atakayekutwa na TB atapumzika wiki za mwanzo na kurudi kwenye nafasi yake, huleta wagonjwa wengi kuliko bango lolote. Na akishalisema, alitimize kwa mgonjwa wa kwanza kabisa, kwa maana wote watakuwa wanaangalia.

Miezi sita inayofuata

Matibabu ya kawaida ya TB ni miezi sita: miwili ya dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge, na minne ya dawa mbili. Kwa mtu mwenye nyumba na shamba hilo ni jambo la subira. Kwa mchimbaji, miezi sita ni maisha mengine kabisa. Habari ikienea kwamba mawe yametoka mahali fulani, ndani ya siku mbili kambi nusu imehama. Mtu aliyeanzishiwa dawa Misungwi mwezi wa tatu anaweza kuwa Geita mwezi wa nne na Chunya mwezi wa sita. Akiacha dawa katikati hurudi kukohoa, huambukiza tena, na vimelea vyake vinaweza kuwa sugu.

Siku ya upimaji, peke yake, haina jibu kwa hili. Nilishiriki moja katika machimbo mapya yaliyokuwa yamefumuka kwa wiki chache. Tulipima kwa bidii, tukafunga vifaa jioni tukiwa na furaha, na majibu ya kijana mmoja yakaja siku ya tatu yakionyesha ana TB. Tulikuwa tumeandika namba moja tu ya simu, na ilikuwa imezimwa. Kwenye kota yake palikuwa na turubai la mtu mwingine. Sikumpata tena, na nimelibeba jambo hilo katika kila orodha niliyoandika tangu siku ile.

Somo la namna hiyo limeonekana hata kwa kipimo kikubwa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliojulikana kama Thibela TB, uliofanyika katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini iliyogawanywa katika makundi 15. Katika migodi iliyochaguliwa, wafanyakazi wote waliitwa kuchunguzwa, na wasio na ugonjwa wakapewa isoniazidi, dawa ya kukinga TB, kwa miezi tisa. Walioimeza walilindwa walipokuwa wakiimeza. Walipoacha, kinga ilififia upesi, na mwisho wa yote hali ya TB katika migodi hiyo haikuwa bora kuliko ya ile ambayo haikupewa. Hiyo ilikuwa migodi yenye ajira rasmi na hospitali zake. Sisi wa maduara na maturubai tunapaswa kuisoma habari hiyo kwa makini kabla ya kutegemea msukumo wa mara moja.

Mhudumu wa kambini ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi hapa, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe habaki nyuma kambi inapohama. Anajua nani kahama, kahamia wapi na ndugu yake ni nani; anaweza kuwa msimamizi wa dawa wa mgonjwa, na anaweza kuwafuatilia wanaolala kota moja naye ili nao wachunguzwe na, inapofaa, wapewe dawa za kinga. Zahanati ina kitu ambacho mhudumu hana: daftari, dawa zenyewe, na karatasi ya uhamisho. Mgonjwa anayeaga rasmi na kuondoka na kadi yake pamoja na barua ya uhamisho hupokelewa kituo chochote cha TB nchini na kuendelea pale alipoishia. Anayeondoka kimya huonekana kama mgonjwa mpya, au haonekani kabisa. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya ndiye kiungo kati ya vituo hivyo, na namba yake inapaswa kuwa kwenye simu ya kila kiongozi wa machimbo.

Kwa hali yenu

Ikiwa machimbo yenu yamekaa miaka, yana leseni, karasha na watu wanaojulikana kwa majina, siku ya upimaji itawafaa kwa sababu watu watakuwepo majibu yakirudi. Iombeni kwa mratibu wa wilaya, iwe angalau mara moja kila mwaka, na muwe na mhudumu anayebaki baada ya gari kuondoka. Mpangie zamu mbili, ya mchana na ya usiku, na waalikeni kwa jina akina mama wa kuponda mawe na wa vibanda vya chakula.

Ikiwa ni kambi ya rashi, yaani iliyofumuka ghafla baada ya habari za dhahabu, ambayo huenda isiwepo baada ya miezi mitatu, anzeni na mhudumu aliyetoka miongoni mwa wachimbaji wenyewe, atakayehama nao. Gari likipatikana lipokeleni, lakini lije na GeneXpert siku hiyo hiyo, na watu wapimwe kwa idadi ambayo mashine inaweza kuimaliza kabla ya giza.

Ikiwa ni maduara machache yaliyo ndani ya kijiji, na zahanati iko mwendo wa miguu au nauli ndogo, makubaliano na zahanati yanatosha kuanzia: siku moja ya wiki kwa wachimbaji, saa ambazo hazigongani na zamu, na ahadi ya mwenye duara. Hapo gharama ni ndogo na siri inalindika. Ongezeni mtu mmoja wa kuuliza yale maswali manne kambini, kwa ajili ya wale wasiokwenda wenyewe.

Ikiwa kijiji chenu kina wazee wengi waliowahi kuchimba, wanaokohoa nyumbani na kuambiwa ni uzee, hao gari la machimboni haliwapati na mhudumu wa kambini hawajui. Wanahitaji kuandikwa nyumba kwa nyumba na kupelekwa kwenye kituo chenye eksirei. Kwa walio karibu na jiji la Mwanza, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure na ile ya kanda ya Bugando zinaweza kutenganisha silikosisi na TB.

Na kwa njia yoyote mtakayoishika, kabla mtu hajatoa makohozi, andikeni namba mbili za simu: yake, na ya ndugu aliyebaki nyumbani.